Makuti Juu ya Bati

Fauzia alipoingia katika nyumba mpya ya mumewe kule Kiswere, wanawake walimpigia vigelegele mpaka mlangoni. Nyumba ilistahili. Ilikuwa ya matofali ya saruji, imepigwa lipu na kupakwa rangi ya samawati, na bati lake jeupe lilimeta hata ukiwa bado majini unarudi pwani. Abdulrahmani aliijenga pole pole kwa kazi yake ya kutengeneza mashine za boti. Akipata, alinunua saruji, akikosa, alisubiri. Watu walishazoea kumwona jioni akirudi kutoka ufukweni, mikono myeusi kwa oili, akipitia kwanza kwenye ule msingi, akiuzunguka na kugusagusa kuta, ndipo aende kwa mama yake kula.

Alikuwa na sababu. Baba yake alifia katika nyumba ya makuti iliyovuja. Siku ya msiba mvua ya masika ilishuka kwa hasira, na watu waliokaa ndani wakawa wanahamisha mabeseni huku na huku kukinga maji, ilhali marehemu amelala pale pale katikati yao. Abdulrahmani alikuwa kijana tu wakati huo. Moyoni alijiapia kwamba mke wake na watoto wake hawatalala chini ya makuti. Habari hiyo alimsimulia Fauzia tangu siku za uchumba, na kila alipoisimulia sauti yake ilibadilika.

Kwa hiyo Fauzia alipoanza kuwashwa ndani ya nyumba ile, alinyamaza.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Alizaliwa nao Nyangamara, katika familia ya wakulima wa korosho. Hospitali waliuita pumu ya ngozi. Bibi yake aliuita ukurutu. Ulimshika kwenye maungio ya viwiko, nyuma ya magoti, na shingoni chini ya masikio. Ulikuwa unakuja na kuondoka. Miezi ya baridi ulilala, na jua lilipokuwa kali uliamka. Mama yake alimlea kwa khanga kuukuu zilizolainika na mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe, na alimkata kucha kila zilipoota kidogo. Wakati wa posa Fauzia hakuficha. Alimwambia Abdulrahmani kwamba ana ngozi yenye matatizo, naye akajibu, "Mimi mwenyewe nina mikono ya oili, tutafanana." Wakacheka, yakaisha.

Baada ya harusi walikaa kwanza kwa mama mkwe, Bi Umi, wakisubiri nyumba yao iishe, katika nyumba ya zamani yenye makuti mapya na upepo unaopita kutoka mlango wa mbele hadi uani. Huko ngozi ilitulia kabisa. Fauzia alimzaa binti yake Hafsa huko, akaanza kuamini kwamba ukurutu umemchoka na kwenda zake.

Walihamia nyumba mpya Novemba, jua likianza kuwa la kweli. Mchana bati lilitanuka na kulia juu ya vichwa vyao, ta, ta, ta, kama mtu anayetembea na viatu vya mbao. Chumbani fukuto lilimjaa mtu puani. Abdulrahmani alikuwa amenunua kila kitu cha fahari: zulia la manyoya, makochi ya mahameli, shuka za naili zinazong'aa. Fauzia alipokaa kwenye kochi, jasho lilimtiririka mgongoni, na palipopita jasho paliwaka moto. Baada ya muda mfupi viwiko vilikuwa vimevimba na kupasuka. Alijikuna usingizini bila kujua, akaamka shuka ina madoa ya damu. Aliifua kabla mumewe hajarudi kutoka msikitini alfajiri, kisha akavaa dera la mikono mirefu na kumpikia chai.

Wageni walikuja. "Hongera, Mama Hafsa, Mungu amekupa." Fauzia aliitikia, "Alhamdulillahi," na alimaanisha. Aliipenda nyumba ile. Alijua kila tofali lilitoka kwenye mgongo wa nani. Hilo ndilo lililomfunga mdomo.

Akatafuta njia yake. Kila siku akishapika chakula cha mchana, alimbeba Hafsa, akafunga mlango na kwenda kwa Bi Umi. Alisema anakwenda kumsaidia mama kuchambua mchele, au kutwanga kisamvu, au kumshikia kamba anayosokota. Akifika alitandika mkeka ukumbini penye upepo, akajinyoosha, na mwili ukapumua.

Bi Umi mwanzoni alifurahi. Wakwe wangapi huhama na kusahau njia? Lakini hakuwa mjinga. Siku moja alimwona Fauzia anajikuna kwa ukingo wa mwiko, akifikiri hakuna anayemtazama.

"Hebu njoo hapa, mkwe wangu. Pandisha hiyo mikono."

Fauzia akasita. Bi Umi akaupandisha mwenyewe mkono wa dera. Akauinamia, akautazama kwa karibu.

"Umeungua?"

"Hapana, mama. Ni ile ngozi yangu. Joto limeiamsha."

"Na mume wako ameona?"

"Bado."

Bi Umi aliinuka pale pale. Alikuwa mwanamke wa vitendo, na dawa yake ya kila kitu ilikuwa bahari. Mguu ukiteguka, bahari, mafua, bahari. Alimshika Fauzia mkono mpaka majini, akamwambia aingie mpaka mabegani. Maji ya chumvi yalipogusa ile mipasuko, Fauzia alipiga ukelele uliowafanya akina mama waliokuwa wakiokota chaza wageuke wote. Alitoka majini mbio, dera limemganda mwilini, machozi yanamtoka.

"Yarabi, nimekuchoma!" Bi Umi alisema, mikono kichwani. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakuponya."

Walirudi nyumbani, Bi Umi akammwagia maji baridi ya mtungi huku akimpa pole kila kopo. Katikati ya maumivu Fauzia akaanza kucheka. Bi Umi naye akacheka, wakashindwa kujizuia, mpaka Hafsa akawatazama kama watu waliopagawa.

Walipotulia, Bi Umi alisema, "Mwambie mumeo."

"Nimwambie nini, mama? Kwamba nyumba yake inanichuna ngozi?"

Bi Umi pia aliwakumbuka wale watu na mabeseni yao.

Fauzia akajaribu ujanja mwingine. Kwenye gulio alipita mchuuzi wa vipodozi mwenye vikopo visivyo na maandishi, akamwambia, "Dada, hii inaua fangasi, inaua mba, inaua kila kitu, na inakutakatisha." Fauzia akanunua. Ilikuwa kama muujiza. Muwasho ulikatika, mabaka yakasinyaa, na kwa muda akaweza kukaa nyumbani mchana na kumwandalia mumewe chakula cha moto. Abdulrahmani alifurahi kupita kiasi, akamletea jodari.

Kisha ngozi ikageuka. Penye dawa pakawa pembamba na pekundu, pakapauka kingo, na hata maji ya kuoga yakawa yanawasha. Alipoacha kupaka, vipele vililipuka upya, vikapanda mpaka shingoni, mahali ambapo hata mtandio haukuweza kuficha vizuri. Jirani mmoja aliyezoea kumbeba Hafsa akaanza kumkwepa. Akawa anamsalimia kwa mbali tu.

Hilo lilimuuma Fauzia kuliko muwasho. Asubuhi iliyofuata alikwenda zahanati.

Muuguzi wa zamu alikuwa Magdalena, Mmakonde wa upande wa Newala, mama mnene mwenye sauti nzito na utani mwingi. Wagonjwa walimwita Sista.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mbona umejifunika kama uko Njombe kwenye baridi? Toa mtandio nikuone."

Alimkagua pole pole, bila kukunja uso, akimgusa kwa mikono mitupu. Fauzia aliliona hilo. Tangu ngozi ichafuke, Bi Umi peke yake ndiye aliyekuwa amemgusa hivyo.

"Hii ni pumu ya ngozi, na unajua ni hiyo," Magdalena alisema. "Haiambukizi. Anayekukimbia mwambie Sista kasema akimbilie kwingine. Sasa niambie ulipaka nini, maana huu wekundu wa hapa si wa ugonjwa peke yake."

Fauzia akatoa kile kikopo kwenye mkoba. Magdalena alikinusa, akatikisa kichwa.

"Hizi wanachanganya dawa kali bila kipimo. Ngozi inatulia haraka, halafu inakonda, halafu inakugeukia. Sikugombezi. Ungekuwa wa kwanza ningekugombeza." Alimwita daktari wa zahanati, wakashauriana, wakampa dawa ya kupaka iliyo nyepesi zaidi, ya sehemu zilizochafuka tu na kwa muda mfupi, na wakamwandikia aende Lindi kliniki ya ngozi itakapokuwepo.

"Lakini dawa ni nusu ya kazi," Magdalena aliendelea. "Nusu ni namna unavyoishi. Unaogaje?"

"Najisugua na dodoki, Sista. Kwa maji ya moto. Yanapunguza muwasho."

"Yanapunguza ukiwa bafuni, ukitoka yanakulipiza. Oga maji ya baridi ya kawaida, upesi, bila dodoki. Sabuni isiyo na manukato, na usiipake mwili mzima kana kwamba umetoka shimoni. Ukitoka usijifute, jigusishe khanga tu. Kabla hujakauka, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Kabla hujakauka, umenisikia? Na ukiwashwa, usikune. Lowesha kitambaa maji baridi, weka hapo, hesabu pumzi zako. Vaa pamba. Hilo dera la naili lipe likizo."

Fauzia alikuwa anaitikia tu.

"Na nyumba unayolala ikoje?"

"Nyumba ni nzuri, Sista."

"Sikukuuliza uzuri. Nimekuuliza joto."

Fauzia akatazama sakafu. Kisha, kwa kuwa huyu alikuwa mtu baki, akamweleza yote: bati, zulia, shuka, baba mkwe na mabeseni. Magdalena alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mumeo ni mtu mbaya?"

"Hapana! Ni mtu mzuri sana."

"Basi unamnyima haki yake. Mtu mzuri anapaswa kujua mke wake anaumwa."

Fauzia alitoka pale amekusudia kumwambia. Lakini kusema na kutenda ni mambo mawili, na siku zilipita akiwa bado anatafuta neno la kuanzia.

Wakati huo huo Abdulrahmani naye alikuwa na lake. Ufukweni wanaume hawakosi maneno. Mmoja alimwambia kwa mzaha, huku Abdulrahmani ameinamia mashine, "Fundi, umejenga kasri, mbona malkia anashinda kwa mama yako?" Wenzake wakacheka. Yeye akacheka pia, lakini spana ilimponyoka mkononi.

Mchana ule aliacha kazi, akaenda nyumbani. Mlango ulikuwa na kufuli. Akashika njia ya kwa mama yake kwa hatua ndefu, na huko akamkuta Fauzia amejilaza ukumbini, Hafsa pembeni, na Bi Umi anapepea kwa kipepeo cha ukindu.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

Fauzia alikurupuka, akashusha mikono ya gauni.

"Nimejenga nyumba kwa miaka," Abdulrahmani alisema, na sauti ilikuwa imeanza kutetemeka. "Sijanunua hata redio. Kumbe mke wangu haipendi, anaikimbia. Mpaka watu wanajua, mimi ndiye sijui. Kama hunitaki, Mama Hafsa, nambie. Usiniaibishe."

"Baba Hafsa, si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Bi Umi akaweka kipepeo chini.

"Mwambie," alisema. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi nitasema vibaya."

Fauzia akapandisha mikono. Akakunja na kola ya gauni ili shingo ionekane. Hakuangalia uso wa mumewe alipokuwa akisema, kwa sababu angeuangalia asingemaliza.

"Nyumba naipenda. Lakini ngozi yangu haiwezi lile joto. Bati likishapata jua, nachomeka. Zulia linaniwasha, makochi yananiwasha, na zile shuka. Nakuja hapa ili nipumue, jioni ukirudi unikute mzima. Nilishindwa kukwambia. Nilifikiri nikikwambia nitakuwa nimeibomoa."

Abdulrahmani alitazama viwiko vile. Hakusogea. Mtu akiwa na hasira kisha hasira ikakosa pa kwenda, hubaki kama aliyepotea njia.

"Joto gani hilo?" alisema hatimaye, kwa ukaidi zaidi kuliko kutoamini. "Kila mtu ana bati."

"Nenda," Bi Umi alisema. "Nenda sasa hivi ukalale kitandani kwako mpaka waadhini alasiri. Halafu urudi uulize hilo swali."

Akaenda. Fauzia alimwona akikata uwanja, mabega yamekaza. Kwa kawaida saa zile yeye huwa ufukweni penye upepo, na usiku hurudi bati limeshapoa kidogo. Mchana wa nyumba yake hakuwahi kuuishi.

Fauzia hakuweza kukaa. Baada ya muda alimwacha Hafsa kwa bibi yake, akafuata. Adhana ilikuwa bado. Alimkuta Abdulrahmani amekaa kwenye ngazi ya mlango, amevua shati, jasho linamdondoka kidevuni mpaka kwenye saruji. Mgongo wake ulikuwa umechapwa alama za mikunjo ya shuka.

"Nimeshindwa kufika alasiri," alisema.

Fauzia akakaa pembeni yake.

"Mimi sina kidonda hata kimoja," Abdulrahmani akaendelea, "na nimejikuna kama mbuzi. Wewe umekaa humo tangu Novemba. Ukanipikia humo. Ukanichekea."

"Nyumba nzuri, Abdu."

"Acha." Akaushika mkono wake kwa kiganja, kwa woga, kama mtu anayeshika kifaranga. "Inauma nikigusa hapa?"

"Hapo hapana."

"Na hapa?"

"Hapo kidogo."

Akauachia. Adhana ikaanza, naye hakuinuka mara moja. "Leo lala kwa mama," alisema. "Na kesho. Mpaka nitakapokuja kukuchukua."

Maneno yale yangeweza kumtia mke yeyote hofu, na Fauzia alihofu. Alilala kwa Bi Umi akiwaza kama amevunja ndoa yake kwa mdomo wake. Lakini watu waliopita njiani walileta habari za ajabu. Mara fundi anapima nyumba yake kwa kamba. Mara amepanda juu ya ukuta, amekaa tu, anatazama upande upepo unakotoka. Mara zulia limebebwa linakwenda kwa dada yake Kilwa Masoko.

Kisha akaja mwenyewe, asubuhi, akasimama uani na kumwambia mama yake, "Mama, nataka makuti ya viungo. Mengi. Utanishonea?"

Bi Umi alidhani hakusikia vizuri. "Makuti? Ya banda la kuku?"

"Ya nyumba yangu."

Bi Umi akamtazama mwanawe. Midomo ilimcheza, lakini hakutania. "Nitakushonea," alisema. "Na wenzangu nitawaita."

Aliyekuwa na maneno zaidi ni Petro, fundi aliyeezeka lile bati. Alikuja amechukia. "Abdu, unataka kuficha kazi yangu chini ya makuti? Tena yakilala juu ya bati yatashika maji, bati lote litakula kutu. Ukinilaumu baadaye sitakuelewa."

"Ndiyo maana nimekuita," Abdulrahmani alisema. "Sitaki yalale. Nataka paa la pili, juu ya hili, lisiliguse. Upepo upite katikati."

Petro akalitazama paa, akakuna kidevu. Hasira ikaondoka usoni, pakabaki fundi. "Uliinue kwa nguzo za nje," alisema pole pole. "Kiasi cha mkono mmoja. Na uliteremshe lizidi ukuta, likupe kivuli cha dirishani. Tena hayo madirisha ni madogo, nani alikujengea?"

"Wewe."

"Basi nitayapanua."

Kijiji kilifurahi. Kwenye kijiwe cha kahawa haikupita siku bila jina la Abdulrahmani kutajwa. Siku akina mama walipokaa uani kwa Bi Umi, wakikunja majani ya mnazi kwenye fito na kuyashona, yule yule aliyemtania ufukweni alipita na kupaza sauti, "Fundi! Wenzio wanatoka makuti wanakwenda bati. Wewe unarudi?"

Abdulrahmani alikuwa juu, miguu inaning'inia. "Sijarudi," alijibu. "Nimeongeza."

Fauzia alikuwa miongoni mwa wale washonaji, amevaa gauni jepesi la pamba alilokatiwa na Bi Umi kutoka kwenye doti ya khanga. Aliposikia jibu lile aliinamisha kichwa juu ya kuti lake, akajifanya anatafuta uzi. Alijua lilivyomgharimu. Yule kijana aliyeapa mbele ya mabeseni alikuwa bado ndani ya mtu yule aliyeko juu, na mtu huyo alikuwa amemwomba kijana yule asogee kidogo.

Jirani aliyekuwa akimkwepa naye alikuja siku ile. Akakaa mbali kwanza, kisha karibu. Mwisho aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama Hafsa, samahani, haiambukizi kweli?"

"Haiambukizi. Hafsa nimemnyonyesha nikiwa nayo."

"Nilikosa kuuliza."

"Nilikosa kusema," Fauzia alimjibu, akamsogezea fito.

Abdulrahmani alikuja kumchukua kama alivyosema. Fauzia aliingia mchana, jua likiwa kichwani, na kitu cha kwanza alichokisikia ni ukimya: bati lilikuwa halilii tena. Sakafu ilikuwa tupu, imepigwa deki, ina ubaridi wa nyayo. Kitanda kilikuwa na shuka za pamba ya marekani zilizofuliwa mara nyingi mpaka zikalainika, nazo alizitambua. Zilikuwa za Bi Umi. Kona ya bafuni palikuwa na mtungi wa udongo umejaa maji, kwa sababu Abdulrahmani alikuwa amegundua kwamba maji ya ndoo mchana huchemka kwa jua. Alisimama nyuma yake, anasubiri, kama mtu anayesubiri mashine aliyoifungua na kuifunga iwake.

Fauzia alitaka kusema jambo refu. Alikuwa amelipanga njia nzima. Lililotoka ni, "Ahsante."

"Ya makuti?"

"Ya kulala kitandani mpaka jasho likakutoka. Wengine wangebaki kusema kila mtu ana bati."

"Nilisema," Abdulrahmani alikiri.

"Ulisema, halafu ukaenda."

Si kwamba ukurutu ulikwisha. Februari ilikuja na joto lake, na siku moja ya harusi, baada ya kushinda jikoni kwenye moshi na jasho, Fauzia alirudi viwiko vimechafuka. Lakini safari hii alijua la kufanya. Alioga upesi, akajigusisha khanga, na mumewe akawa nje ya mlango akipaza sauti, "Paka kabla hujakauka! Sista kasema kabla hujakauka!" mpaka majirani wakajua masharti yote kwa moyo. Kliniki ya Lindi walimpa dawa nzuri na maelezo ya lini aitumie na lini aiache. Muwasho ukimjia alilowesha kitambaa, akakaa nacho, ukapita. Usiku mwingi alilala mpaka asubuhi. Mtu asiyewahi kunyimwa usingizi na ngozi yake hawezi kujua hilo ni kubwa kiasi gani. Fauzia alilijua, na kila alipoamka na shuka safi alisema shukrani zake kabla ya kunyanyua mguu.

Na jambo ambalo hakulitarajia: nyumba ilijaa watu. Wanawake waligundua kwamba katika Kiswere yote hakuna mahali penye ubaridi mchana kama kwa Mama Hafsa. Wakaja na mikeka yao, na mboga zao za kuchambua, na watoto wao wa kulaza. Bi Umi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Fauzia aliyekuwa akiikimbia nyumba saa zile sasa alikuwa mwenyeji, akipita katikati ya miguu ya watu akigawa maji.

Masika yalipokaribia, mama yake Fauzia alikuja kutoka Nyangamara kumtembelea, na kifurushi cha korosho alizobangua mwenyewe. Alisimama barabarani, akalitazama paa, uso ukaingia wasiwasi. Alipoingia ndani alimvuta binti yake pembeni.

"Mwanangu, kulikoni? Bati liliharibika? Mmekwama?"

"Hatujakwama, mama."

"Basi mbona makuti?"

Fauzia akamweleza, tangu vigelegele vya mlangoni. Mama yake alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akamgeuza kwa mabega, akamshusha mtandio, akapapasa shingo chini ya masikio. Ngozi ilikuwa na weusi wa makovu ya zamani, lakini ilikuwa laini na ilikuwa nzima. Mama alipapasa upande mmoja, akapapasa na wa pili. Alitoka nje akiwa bado ameshika ule mtandio.

Abdulrahmani alikuwa uani amefungua mashine ya mtu juu ya gunia. Alipomwona mama mkwe anamjia alisimama haraka, akaficha mikono ya oili mgongoni.

"Ahsante, baba," yule mama alimwambia. "Kwa mwanangu. Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa."

Abdulrahmani alitazama gunia, akatazama mashine, akamtazama Fauzia aliyekuwa mlangoni, asipate msaada. Mwisho akainama.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa walikuwa wameshaamkiana asubuhi hiyo hiyo.

"Marahaba," yule mama alisema, akacheka huku akijifuta machozi kwa mtandio wa binti yake. "Marahaba, mwanangu. Marahaba tena."